Namna ya kulielewa na kulitumia neno "hard" la Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana na neno "hard" mapema sana katika masomo yake, na karibu kila mara huambiwa kwamba maana yake ni "-gumu". Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu ya jibu, na upungufu wake hujitokeza baadaye: katika tafsiri za habari zinazotaja "fedha ngumu" na "ushahidi mgumu", katika insha za watahiniwa wanaoandika "I worked hardly" wakikusudia kusema kwamba walijituma, na mezani, pale mgeni anapoelezwa kwamba "the meat is hard" akabaki kujiuliza kama nyama hiyo imeganda. Mwongozo huu unamwonyesha msomaji hatua za kufuata kila anapokutana na neno hili, ili ajue lini "-gumu" inafaa, lini haifai, na ni neno gani la Kiswahili lishike nafasi yake.

Ni vyema kufahamu kwanza kwamba "hard" ni neno la asili kabisa katika Kiingereza. Lilikuwamo tangu enzi za Kiingereza cha Kale, likiandikwa "heard", kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066 na kuleta wimbi la maneno ya Kifaransa na Kilatini. Maneno kama "difficult", "severe" na "rigid" yaliingia baadaye, na mengi yao yana maana moja au mbili zilizo wazi. "Hard" limeishi midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na katika muda huo limebebeshwa maana za kila namna. Ndiyo sababu halieleweki kwa kutazamwa peke yake.

Hatua ya kwanza: tambua kazi ya neno katika sentensi

Kabla ya kutafuta maana, tazama neno limekaa wapi. Likitangulia nomino, kama katika "a hard question", au likifuata kitenzi "be", kama katika "the question is hard", ni kivumishi. Likifuata kitenzi cha tendo, ni kielezi, na halibadiliki umbo hata kidogo: "she works hard", "it rained hard", "think hard", "he hit the ball hard". Katika matumizi haya ya pili "-gumu" haina nafasi. Kiswahili husema kwamba mama huyo anafanya kazi kwa bidii, kwamba mvua ilinyesha kwa nguvu, kwamba mtu afikiri sana, na kwamba mchezaji aliupiga mpira kwa nguvu. Kielezi hiki hupima kiasi cha juhudi au nguvu iliyotumika, si ugumu wa jambo lenyewe.

Hapa ndipo panapotokea kosa linalowagharimu watahiniwa wengi. Kwa kuwa vielezi vingi vya Kiingereza huundwa kwa kuongeza "-ly" mwishoni mwa kivumishi, mwanafunzi mwenye bidii hukisia kwamba kielezi cha "hard" ni "hardly". Sivyo. "Hardly" ni neno lenye maana yake mbali, nayo ni kwamba jambo linakaribia kutokuwepo kabisa. "He works hard" ni sifa, ilhali "he hardly works" ni lawama, kwa maana ya kwamba mtu huyo hafanyi kazi ya kuonekana. Mahali pa maneno haya mawili pia hutofautiana: "hard" huja baada ya kitenzi, na "hardly" hukitangulia.

Kwa kuwa "hardly" tayari limebeba ukanushi ndani yake, katika Kiingereza sanifu haliongezewi ukanushi mwingine. Husemwa "I hardly know him", wala si "I don't hardly know him". Mfasiri anayeileta sentensi hiyo katika Kiswahili hana budi kuudhihirisha ukanushi huo, kwa mfano "simfahamu vizuri". Vivyo hivyo, "there is hardly any water in the tank" ni kusema kwamba maji yaliyobaki tangini ni kidogo mno, na "they hardly ever visit us" ni kusema kwamba ni nadra wao kututembelea. Likianza sentensi, neno hili hulazimisha kitenzi kisaidizi kitangulie kiima, kama katika "Hardly had we arrived when it began to rain", ambayo kwa Kiswahili ni "Ndiyo kwanza tulikuwa tumefika, mvua ikaanza kunyesha."

Hatua ya pili: tafuta kinyume chake

Ukishathibitisha kwamba neno ni kivumishi, jiulize Mwingereza angetumia neno gani kueleza hali iliyo kinyume. Swali hili moja hutatua zaidi ya nusu ya matatizo, kwa sababu "hard" ina vinyume kadhaa na kila kinyume hufungua mlango wa maana tofauti.

Kinyume kikiwa "soft", mara nyingi tunazungumzia kitu kisichobonyea, kisichopindika au kisichokwaruzika kwa urahisi, na hapo "-gumu" hufaa: jiwe gumu, ardhi ngumu, kiti kigumu. Katika elimu ya madini maana hii ina hata kipimo chake. Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kwa uwezo wa moja kulikwaruza jingine, kuanzia ulanga wenye namba 1 hadi almasi yenye namba 10. Tanzanaiti ya Mererani huangukia kati ya 6 na 7, kwa hiyo mtu anaweza kuandika "diamond is harder than tanzanite" na "diamond is the hardest natural mineral on the scale". Zingatia kwamba ulinganishi hufanywa kwa "harder" na "hardest", kamwe si kwa "more hard".

Hata hivyo, maana hii inayoonekana rahisi ina mitego katika lugha ya kitaalamu. Neno "hardwood" si lazima limaanishe mti ulio mgumu kwa mkono. Wataalamu wa misitu hulitumia kwa miti inayotoa maua, mingi yao ikiwa na majani mapana, na "softwood" kwa jamii ya misonobari na mitarakwa. Mpingo, ambao ubao wake ni mzito kiasi cha kuzama majini, ni "hardwood", lakini balsa ya Amerika ya Kusini nayo ni "hardwood", ingawa ni laini na nyepesi kiasi cha kutengenezewa ndege za mfano. Anayetafsiri waraka wa biashara ya mbao asiandike "mbao ngumu" bila kwanza kupima kama mwandishi anazungumzia aina ya mti au uimara wake.

Maji nayo yana ugumu wake. "Hard water" ni maji yenye chumvichumvi nyingi za kalisi na magnesi zilizoyeyuka kutoka katika miamba, hasa ya chokaa. Sabuni hailetani nayo povu kwa urahisi, na birika linalochemshia maji hayo hufanya gamba jeupe ndani. London na maeneo ya kusini mashariki mwa Uingereza yana maji ya namna hiyo kwa sababu ya chokaa iliyo chini ya ardhi, na visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe huwa na tabia hiyohiyo. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili huyaita "maji magumu", nami naona istilahi hiyo ni nzuri, mradi isichanganywe na maji ya chumvi ya bahari wala na "maji mazito" ya wanafizikia, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Katika ofisi, "hard disk" ilipata jina lake kwa sababu sahani zake ni ngumu na hazipindiki, tofauti na diski laini zilizokuja baadaye ambazo ziliweza kupindika. IBM ilitoa ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1956. Kutokana na mkondo huo tumepata pia "hard copy", yaani nakala iliyochapishwa karatasini. Watumishi wa umma wameshazoea kusema "nakala ngumu", na ile ya kompyuta huiita "nakala laini" au "nakala tete". Tafsiri hizo zimeshika mizizi na sioni haja ya kupambana nazo. Kuhusu "hard hat", Kiswahili kinasema "kofia ngumu", lakini hapa kuna tofauti ya kuangalia: sisi hutumia "kofia ngumu" hata kwa ile ya mwendesha bodaboda, ilhali kwa Kiingereza hiyo ni "helmet", na "hard hat" ni ya fundi kwenye eneo la ujenzi.

Walimu wa matamshi nao husema "hard c" na "hard g". Herufi g ya "go" ni "hard", na ile ya "gem", inayosikika kama j yetu, ni "soft". Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, kwani g yetu haina sura mbili.

Kinyume kikiwa "easy", tunazungumzia jambo linalohitaji nguvu, akili au subira nyingi, na "-gumu" hufaa tena: mtihani mgumu, swali gumu, uamuzi mgumu. Katika maana hii "difficult" huweza kushika nafasi ya "hard", isipokuwa kwamba "hard" ni la mazungumzo ya kila siku na "difficult" lina urasmi zaidi. Mtu anapotajwa, maneno haya huachana: "a difficult child" ni mtoto msumbufu, asiyeridhika wala kushaurika, na usemi "a hard child" haumaanishi hivyo.

Angalia kwa makini usemi "hard work", kwa sababu una sura mbili. "Digging a well is hard work" ni kusema kwamba kuchimba kisima ni kazi ngumu. Lakini "she passed through hard work" si kusema kwamba alifaulu kwa kazi ngumu, bali kwa bidii. "A hard worker" ni mchapakazi, wala si mfanyakazi mgumu, ambaye kwa Kiswahili angekuwa mtu asiyeelewana na wenzake. Usemi "hard labour" ni wa kisheria: ni kifungo pamoja na kazi ngumu, adhabu aliyopewa mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895 na ambayo ilifutwa katika sheria za Uingereza na Wales mwaka 1948.

Kinyume kikiwa "mild", "gentle" au "kind", achana na "-gumu" na uchukue "-kali". Hapa Kiswahili kina utajiri wake, na inasikitisha kuona waandishi wakiuacha. "A hard winter" ni majira ya baridi kali. "Hard words" ni maneno makali. "Hard liquor" ni pombe kali. "To be hard on someone" ni kuwa mkali kwa mtu au kumhukumu pasipo huruma, ingawa kikitajwa kitu badala ya mtu maana huwa ni kuumiza au kuchakaza: "running on tarmac is hard on the knees", yaani kukimbia kwenye lami huumiza magoti. "She gave him a hard look" ni kumkazia mtu jicho kali, lakini "we must take a hard look at the budget" ni kuichunguza bajeti kwa makini na bila kujidanganya. Kitenzi kilichotangulia, "give" au "take", ndicho kinachoamua.

Hatua ya tatu: chunguza kama maana ni uthabiti

Kuna kundi la nomino ambazo "hard" huzipa maana ya kuthibitika, kushikika au kutegemewa. Hapa "-gumu" hupotosha kabisa. "Hard evidence" ni ushahidi wa wazi usiopingika, kama alama za vidole au hati zilizosainiwa. Anayeandika "ushahidi mgumu" humfanya msomaji adhani kwamba ushahidi huo haueleweki, jambo lililo karibu kinyume cha lililokusudiwa. "Hard facts" ni mambo yaliyothibitishwa, na "hard cash" ni fedha taslimu. "Hard currency" ni fedha ya nchi inayokubalika katika biashara ya kimataifa kwa sababu thamani yake inaaminika, kama vile dola ya Marekani, yuro na pauni ya Uingereza. Kwa kawaida sisi husema "fedha za kigeni", na katika habari nyingi hilo hutosha. Pale ambapo mwandishi anataka kutofautisha dola na fedha nyingine ya kigeni isiyo na nguvu, ni afadhali kusema "fedha za kigeni zenye nguvu" kuliko kubuni "fedha ngumu", ambayo msomaji wa kawaida ataielewa kuwa ni fedha inayopatikana kwa taabu.

Hatua ya nne: kuwa mwangalifu na "hard to"

Muundo huu unastahili kufanyiwa mazoezi. Katika "it is hard to believe", Kiswahili husema "ni vigumu kuamini", na kiambishi vi- hapo hakirejelei nomino yoyote. Shida huanza kiima kinapokuwa mtu. "My father is hard to please" haina maana kwamba baba ni mgumu, wala kwamba yeye ndiye anayeshindwa kuridhisha. Baba ndiye anayetendewa: ni vigumu kumridhisha baba. Kwa hiyo unapotafsiri, kihamishe kiima cha Kiingereza kiwe mtendwa katika Kiswahili, na kiambishi chake kiingie ndani ya kitenzi.

Kosa la upande wa pili ni kusema "I am hard to understand mathematics" kwa kukusudia kwamba hesabu zinanishinda. Mwingereza akisikia "I am hard to understand" ataelewa kwamba watu hawakuelewi wewe. Sema "it is hard for me to understand mathematics" au, kwa ufasaha zaidi, "I find mathematics hard". Miundo hii miwili ikishazoeleka ulimini, kosa hilo halirudi.

Hatua ya tano: safiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Hadi hapa tumetoka kwenye Kiingereza. Njia ya kurudi ina mashimo yake, kwa kuwa "-gumu" yetu nayo ni pana na haitoshi kuifasiri kwa "hard" kila mahali. Nyama ngumu ni "tough meat". Mkate uliokauka ukawa mgumu ni "stale bread". Ugali mgumu ni "stiff". Gari gumu, kwa maana ya gari linalostahimili barabara mbovu, ni "a tough car" au "a sturdy car". Godoro gumu linaweza kuwa "hard" unapolalamika na "firm" unapolisifu, na muuza magodoro hatatumia lile la kwanza hata siku moja.

Maneno yanayohusu mwili na tabia ndiyo yanayohitaji tahadhari zaidi. Tukisema mtoto ana kichwa kigumu, tunamaanisha kwamba haelewi upesi. Kwa Waingereza "hard-headed" ni mtu anayeamua mambo kwa kupima hali halisi bila kuyumbishwa na hisia, na mara nyingi ni sifa njema, ilhali Marekani huweza pia kuwa mkaidi. Mzazi akimwandikia mwalimu kwamba mwanawe ni "hard-headed" atakuwa amesema jambo jingine kabisa. Moyo mgumu kwetu huweza kuwa ujasiri au uvumilivu wa kubeba msiba, lakini "hard-hearted" ni kukosa huruma tu. Mtu mgumu wa kutoa ni "stingy" au, kwa Waingereza, "mean".

Hatua ya sita: jifunze misemo ikiwa mizima

Misemo haichambuliki kwa hatua zilizotangulia, bali hujifunzwa jinsi ilivyo. "No hard feelings" husemwa baada ya ugomvi au ushindani, kwa maana ya kwamba tusiwekeane kinyongo. "Hard luck!" ni "pole!" anayoambiwa aliyeshindwa. "To be hard up" ni kuishiwa fedha, na "hard of hearing" ni mtu asiyesikia vizuri, usemi wa heshima ambao haulingani na kiziwi. "A hard and fast rule" ni kanuni isiyopindishwa. "To drive a hard bargain" ni kubana sana katika mapatano ya bei. "To learn the hard way" ni kujifunza baada ya kuumia, kama yule asiyesikia la mkuu.

Hatua ya saba: jaribu kwa kifungu kizima

Chukua kifungu hiki na ukifanyie kazi kabla ya kusoma maelezo yanayofuata: "It was a hard winter. The ground was hard and jobs were hard to find. My father worked hard, but we hardly ever ate meat. He was hard on us, yet there were no hard feelings."

Anza na nomino "winter", ambayo kinyume cha "hard" yake ni "mild", kwa hiyo chukua "-kali". "Ground" ina kinyume cha "soft", na hapo "-gumu" inafaa. "Hard to find" ni muundo wa hatua ya nne, "worked hard" na "hardly" ni vielezi, "hard on us" ni ukali, na mwisho ni msemo. Tafsiri moja inayokubalika ni hii: "Majira ya baridi yalikuwa makali mwaka ule. Ardhi ilikuwa ngumu na kazi zilipatikana kwa taabu. Baba alijituma sana, lakini ilikuwa nadra kwetu kula nyama. Alikuwa mkali kwetu, ila hatukumwekea kinyongo." Katika mahali pote saba, "-gumu" imetumika mara moja tu. Fanya zoezi kama hili kwa magazeti ya Kiingereza unayosoma, ukiandika katika daftari lako nomino au kitenzi kilichoandamana na "hard" pamoja na neno la Kiswahili ulilochagua, kwani orodha iliyopangwa kwa nomino itakufaa kuliko orodha ya maana zilizoning'inia peke yake.